Kumtafutia mbwa aliyeokolewa makao mapya: tathmini ya huduma ya kituo hiki

Naandika kwa ajili ya mtu aliyemchukua mbwa hapa katika kituo hiki cha kuokoa mbwa, akampenda, kisha mambo ya nyumbani kwake yakabadilika kabla mbwa huyo hajazoea vizuri, na sasa anajiuliza ampeleke wapi bila kumvuruga kwa mara ya pili. Wanaokuja kuchukua mbwa wameshakisifu kituo vya kutosha. Upande wa kumrejesha mbwa na kumtafutia mlezi mwingine hauzungumzwi sana, nadhani kwa sababu watu huona haya, ilhali kwa maoni yangu huo ndio unaokipima kituo kwa haki. Kumkabidhi mtu mwenye furaha mbwa aliyeogeshwa ni kazi nyepesi kuliko kumpokea mtu mwenye majonzi, kumsikiliza bila kumhukumu, na wakati huohuo kuyaweka maslahi ya mbwa mbele ya haraka zake.

Soksi ni mbwa jike wa kienyeji, wa rangi ya kahawia na nyayo nyeupe, ambaye daktari alimkisia kuwa na umri wa miaka miwili. Tulipomchukua, nyumba yetu ya Ongata Rongai ilikuwa na watu wazima wenye afya na ua wa kutosha. Wiki chache baadaye mama yangu alianguka nyumbani kwake Murang'a, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na alipotoka hospitalini akaja kuishi nasi akitembea kwa fremu. Mama hana neno na mbwa, kwani amewafuga tangu utoto wake. Tatizo ni kwamba Soksi humsalimu kila anayempenda kwa kumrukia kifuani, na Mama alikuwa miongoni mwa wale aliowapenda mapema. Tuliweka kizuizi mlangoni, tukaanza kumfundisha kuketi kabla ya kusalimiwa, naye alikuwa akijifunza, lakini mtaalamu wa tiba ya viungo alitueleza wazi kwamba kuanguka tena katika miezi ile ya kwanza kungeweza kumnyima Mama uwezo wa kutembea. Tuliamua kwamba Soksi atafutiwe makao mengine, na tuliamua mapema, akiwa bado na afya na tabia njema, badala ya kungoja ajali itulazimishe kumwondoa kwa siku moja.

Jambo la kwanza ninalolisifu ni kipengele cha mkataba ambacho wengi hukipita haraka wanapotia sahihi. Kinasema kwamba mlezi haruhusiwi kumuuza mbwa, kumgawa wala kumhamishia mtu mwingine, na kwamba hali ikibadilika, wakati wowote katika maisha ya mbwa huyo, atarudishwa kituoni. Siku ya kusaini nilikiona kama masharti ya kawaida ya karatasi. Siku niliyokihitaji nilielewa kwamba kilikuwa ahadi ya pande mbili: mimi siwezi kumtupa, na kituo hakiwezi kunifungia lango. Wapo wanaoendesha gari hadi mbali, wakamshusha mbwa kando ya barabara na kujiliwaza kwamba atajitafutia. Pamoja na unyama wa jambo hilo, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inahesabu kumtelekeza mnyama katika hali ya kumletea mateso kuwa kosa. Kituo kinachomhakikishia mlezi mahali pa kurudi kinaiondolea tabia hiyo kisingizio chake kikubwa.

Mahojiano ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Nilifika nikiwa nimejiandaa kujitetea, nikidhani nitaulizwa kwanza kwa nini tumeshindwa. Dada aliyetupokea aliniuliza badala yake siku ya Soksi inakwendaje, tangu anapoamka hadi anapolala, akawa ananiandikia kila ninachosema. Alitaka kujua analala ndani au nje, anakula nini na kwa kasi gani, ananguruma mtu akikaribia bakuli lake au la, huwa anafanya nini radi zikilia, na anawachukuliaje watoto wanaokimbia. Aliuliza kuhusu waendesha bodaboda wenye helmeti, swali ambalo nisingelifikiria, na kumbe lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu Soksi hujibanza ukutani kila pikipiki inapopita langoni, na familia inayoishi kando ya stendi ya bodaboda isingemfaa kabisa. Aliuliza pia kuhusu paka, mbuzi na kuku. Nilimwambia ukweli: siku moja Soksi alipenya uani kwa jirani akamkimbiza kuku mmoja, na asingeitwa angemuua. Nilidhani jambo hilo litampunguzia nafasi. Jibu la dada yule lilikuwa kwamba kuku waliofichwa leo ndio watakaomrudisha mbwa kituoni kesho, na kwamba angependa kusikia mabaya yote kutoka kwangu kuliko kuyasikia kutoka kwa mlezi wa pili.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona mahali pengine. Kila tabia niliyoitaja aliandika kando yake ilianza kuonekana lini tangu siku tuliyomchukua. Alinieleza kwamba wanaofanya kazi na mbwa waliookolewa hutumia kanuni ya siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: katika siku tatu za mwanzo mbwa huwa ameshtuka, na utulivu wake unaweza kuwa woga mtupu, baada ya wiki tatu hivi huanza kuelewa utaratibu wa nyumba na kuonyesha silika zake, na huchukua kama miezi mitatu kujiona yuko kwake. Hiyo ni kanuni ya makisio tu, na mbwa hawafanani, lakini inasaidia sana anayetathmini mbwa anayerejeshwa mapema. Soksi alikuwa bado hajafika mwisho wa safari hiyo, hivyo taarifa zetu zilikuwa za mbwa anayeanza kujitokeza, na mlezi mpya alipaswa kuambiwa kwamba mengine yatafunuka mikononi mwake. Niliuona huo kuwa uaminifu wa hali ya juu, kwa mbwa na kwa binadamu.

Baada ya hapo tulishauriwa tuendelee kukaa naye nyumbani wakati kituo kikimtafutia mlezi, mradi tungeweza kumtenga na Mama kwa usalama. Kituo kina vyumba safi na wahudumu wenye huruma, lakini kelele za mbwa wengi waliofungiwa pamoja humchosha hata mbwa mwenye moyo mgumu, na mbwa aliyechoka haonyeshi tabia zake nzuri mbele ya wageni. Wale wasioweza kungoja hupokelewa papo hapo, na sikuona dalili yoyote ya kusukumwa. Sisi tuliweza, kwa hiyo Soksi alibaki uani na jikoni, akifungwa kamba kila Mama alipopita ukumbini.

Mtu wa kwanza kumtaka alikuwa mwenye yadi ya vifaa vya ujenzi. Alihitaji mbwa wa kubweka usiku na alikuwa tayari kulipa ada yote mara moja. Alipoulizwa mchana mbwa angekuwa wapi, alisema angefungwa mnyororo nyuma ya mabati ili asiwatishe wateja. Kituo kilimkatalia kwa heshima, kikamweleza kwamba mbwa anayefungwa kutwa nzima ama huwa mkali asiyetabirika ama hukata tamaa, na kwamba katika hali zote mbili hawi mlinzi mzuri. Nilifurahi, ingawa kukataliwa kwake kulimaanisha sisi tungoje zaidi. Katika miji yetu mbwa wengi hutafutwa kwa ajili ya ulinzi, na sioni ubaya wa mbwa kulinda nyumba anayoipenda, lakini yupo mlinzi anayeishi na watu na yupo mfungwa anayepewa ugali jioni, na mahojiano mazuri huwatofautisha wawili hao kabla mbwa hajapanda gari.

Familia ya pili inaishi upande wa Kiserian na ina mbwa dume mzee, mpole. Ukaguzi wa nyumba yao ulifanywa kwa makini kuliko ule tuliofanyiwa sisi, labda kwa sababu safari hii palikuwa na taarifa kamili za mbwa anayehusika. Mkaguzi aliinama akauangalia ua kwa kimo cha mbwa, akaonyesha pengo chini ya lango ambalo mtu aliyesimama wima asingeliona, akataka lizibwe kwanza kwa sababu jirani wa pili ana kuku. Aliuliza mbwa atalala wapi mvua za masika zikianza, maji yake yatawekwa wapi, na nani atamwangalia familia ikisafiri mashambani wakati wa Krismasi. Kwa kuwa nyumba ni ya kupanga, alitaka idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, takwa linaloweza kuonekana la usumbufu, lakini wapangaji wangapi wamelazimika kumtoa mbwa wiki ileile ambayo mwenye nyumba amepita kuchukua kodi akasikia mbweko?

Zaidi ya yote, mkaguzi aliomba kuzungumza na dada anayefanya kazi za nyumbani. Wenye nyumba walishangaa kidogo. Lakini yeye ndiye anayeshinda na mbwa tangu asubuhi hadi jioni, ndiye atakayemlisha na kufua matandiko yake, na kama anaogopa mbwa au alilazimishwa kukubali, mpango wote umeharibika hata kama baba na mama wa nyumba wanampenda mbwa kwa dhati. Ilibainika kwamba hakuwa na woga wowote, ila hakutaka aongezewe kazi bila kuongezewa mshahara, na jambo hilo lilizungumzwa na kumalizwa palepale. Sijui ni vituo vingapi vinavyomkumbuka mtu huyu. Kwa hilo peke yake ningewapa alama za juu.

Mbwa wawili walikutanishwa mahali pa wazi ambapo hakuna aliyepaona kuwa kwake. Walitembezwa sambamba, kila mmoja akiwa na kamba na mtu wake, umbali ukipunguzwa taratibu, na hawakuachwa kukabiliana uso kwa uso. Siku ya makabidhiano tulipeleka blanketi lake bila kulifua ili harufu aliyoizoea imfuate, tukapeleka pia chakula alichokuwa akila, ambacho ni wali na dagaa pamoja na chakula kikavu cha dukani. Familia ilielekezwa kubadilisha chakula kidogokidogo kwa muda wa wiki moja, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla huleta kuhara, na mbwa anayehara katika siku zake za mwanzo huonekana mgonjwa au mchafu kumbe ni bakuli tu lililobadilika.

Upande wa afya nitauelezea kwa ufupi kwa sababu ulikwenda bila tatizo. Soksi alikuwa ameshafungwa kizazi kabla ya kuja kwetu, hatua ambayo kituo hakiiachii hiari ya mlezi, na ni sawa, kwa kuwa mbwa jike hupata joto takriban kila miezi sita na hubeba mimba kwa siku 63 hivi, hivyo uzembe wa mtu mmoja hujaza barabara watoto wasio na mwenyewe ndani ya msimu mmoja. Alipimwa damu upya kuangalia magonjwa yanayoletwa na kupe, ambayo ni ya kawaida Nairobi na vitongoji vyake na huweza kujificha mwilini kwa miezi bila dalili. Cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa kilihamishwa pamoja naye, tarehe ya kurudia ikiwa imeandikwa wazi. Mlezi yeyote asikubali kumpokea mbwa bila cheti hicho. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na maambukizi mengi mno kwa watu hutokana na kuumwa na mbwa. Kenya ina mkakati wa kuutokomeza kati ya 2014 na 2030, unaotegemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na lengo hilo hurudi nyuma kila mbwa anapobadilisha mikono bila karatasi.

Kituo hakikututoza ada ya kumrejesha. Tulilipa Sh 2,500 za kipimo cha damu, tukapewa risiti, na familia mpya ililipa ada ya kawaida ya kumchukua mbwa. Wapo wanaolalamika kwamba mbwa aliyeokolewa angepaswa kutolewa bure, lakini ada hiyo hairudishi hata gharama ya upasuaji, chanjo na dawa za minyoo, na mtu anayeiona ni nzito atapata taabu zaidi siku mbwa atakapougua usiku.

Kituo kina kasoro, tena zinazoweza kurekebishwa. Simu huchukua muda mrefu kupokewa, na mtu aliyejikaza kupiga kuhusu jambo zito kama hili anaweza kukata tamaa baada ya kuita mara kadhaa, kwa hiyo ingefaa pawe na namba ya pekee kwa wanaorejesha mbwa. Tangazo la kwanza la Soksi lilimwita mbwa "anayefaa kila nyumba", maneno yaliyopingana na kurasa zote za mahojiano yale mazuri. Lilibadilishwa nilipoomba, lakini halikupaswa kuandikwa hivyo. Fomu na maelekezo ya utunzaji yote yako kwa Kiingereza peke yake, na kituo kinachojua kwamba dada wa nyumbani ndiye mlezi wa mchana kingepaswa pia kumwandikia maelekezo kwa Kiswahili. Tena, asiye na gari hupata shida kubwa kufika, kwa kuwa makondakta wa matatu wengi hukataa mbwa, na teksi zinazokubali hudai nauli ya ziada. Gari la kituo lipo, lakini hutumika kwa dharura za uokoaji, na siwezi kulaumu kwamba mbwa aliyegongwa hutangulizwa.

Kabla ya kufika hapa tuliangalia njia nyingine, na msomaji anayepima afanye nini huenda akanufaika na tulichokiona. Kumpeleka mbwa kwa jamaa mashambani husikika vizuri, ila mbwa aliyezoea kukimbiza kuku atakuwa mashakani katika boma lenye kuku, na asipofungwa atapigwa. Kumtangaza katika kurasa za mauzo ya mitandaoni huleta wateja siku hiyohiyo, lakini huwezi kujua anayenunua ni nani, wala yeye halazimiki kukujulisha lolote baadaye. Kuna nyumba moja ya kulaza mbwa kwa malipo, ambayo sitaitaja, iliyomwahidi jirani yangu kwamba ingemtafutia mbwa wake familia. Ilichukua malipo ya mwezi, na alipouliza mbwa alikwenda kwa nani hakupewa jibu la maana. KSPCA, shirika la kutetea na kutunza wanyama nchini Kenya lililoanza mwaka 1910 na lenye makao yake Karen, ni kongwe kuliko vituo vyote na linafaa kuulizwa na yeyote aliye na mbwa asiyetoka katika kituo chochote, kwani hapa nafasi za kwanza hupewa mbwa waliotoka hapa. Kwa wanaotaka tu maoni ya daktari kabla ya kuamua, kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu baadhi ya tabia zinazowafanya watu wamkatae mbwa, kama kukojoa ndani au kununa akiguswa, huwa ni ugonjwa au maumivu yanayotibika.

Kituo kiliwasiliana na familia ya Kiserian baada ya siku chache, kikawapigia tena wiki tatu zilipotimia, na kwa ruhusa yao kikanijulisha kwamba Soksi analala karibu na yule dume mzee, kwamba bado anajibanza pikipiki zikipita, na kwamba amejifunza kuketi kabla ya kusalimiwa. Taarifa hiyo ilimfurahisha Mama kuliko sisi sote.

Atakayehitaji huduma hii afike asubuhi siku ya kazi, kwa sababu mahojiano huchukua muda na mwishoni mwa wiki wahudumu huwa na wageni wengi. Abebe mkataba wa kumchukua mbwa, cheti cha chanjo na risiti zozote za daktari, na kama anaweza, aandike nyumbani kwa utulivu mambo yote anayoyajua kuhusu mbwa wake, yanayopendeza na yasiyopendeza, pamoja na tarehe yalipoanza. Mbwa mwenyewe asiletwe siku hiyo ya kwanza, isipokuwa mlezi hawezi kabisa kuendelea kukaa naye.